Somo la kikundi: Maji ya mvua, majirani na amani ya mtaa

Lengo: Baada ya somo hili washiriki wataweza kueleza kwa nini maji ya mvua huleta ugomvi mtaani, na jinsi bustani ya mvua inavyoweza kuupunguza.
Muda: Saa mbili, pamoja na matembezi mtaani.
Vifaa: Jembe, koleo, ndoo, kamba, kijiti cha kupimia.



Tunaposema "kujenga amani", wengi hufikiria mikutano ya wakubwa na mikataba. Lakini ugomvi wa mtaani huanza na mambo ya kila siku: mpaka wa kiwanja, taka, choo, na maji ya mvua. Jirani wa juu anachimba kijifereji kutoa maji uani kwake. Usiku mvua inanyesha, na maji yanaingia chumbani kwa jirani wa chini. Asubuhi huyu wa chini anaziba kwa mawe na magunia ya mchanga, na maji yanarudi juu. Wiki haijaisha, watu hawa wawili hawasalimiani, na watoto wao wamekatazwa kucheza pamoja.

Katika mji wa Lubumbashi jambo hili si dogo. Wazee wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wengi wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Penye kovu la namna hiyo, ugomvi wa mfereji huweza kubadilika upesi. Watu huacha kusema "maji ya nyumba ile" wakaanza kusema "maji ya watu wale". Ni heri kuutatua ungali ugomvi wa maji.

1. Maji haya yanatoka wapi?

Lubumbashi iko kwenye nyanda za juu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwaka hupata milimita 1,200 hivi za mvua, nazo karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Machi. Zamani msitu wa miombo na majani yake yaliyooza vilinywa sehemu kubwa ya maji hayo. Leo mahali pa msitu pana mabati, saruji na udongo uliokanyagwa ukawa mgumu.

Tufanye hesabu pamoja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 10 ina mita za mraba 60. Mvua moja kubwa ya milimita 40 itamwaga kutoka paa hilo lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Ikiwa avenyu ina nyumba 20 kama hiyo, ni mapipa 240, tena kwa muda mfupi. Hakuna mtu mmoja aliyeleta mapipa 240. Kila mmoja alileta 12 yake, lakini aliye chini kabisa anayapokea yote.

Maji yasipozuiwa huchimba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo zaidi ya 2,900 katika miji 26 ya Kongo. Mengi huanza na maji ya mapaa na barabara yaliyokusanywa na kuachwa yateremke bila njia iliyotengenezwa.

2. Bustani ya mvua ni nini?

Ni shimo pana lisilo na kina kirefu, lililopandwa mimea, linalopokea maji ya paa au ya barabara na kuyaacha yanywewe na ardhi polepole. Jina hili lilienea kutoka jimbo la Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Wakulima wa Machakos nchini Kenya wamezuia maji na udongo kwa matuta ya "fanya juu" kwa miaka mingi. Bustani ya mvua hufanya kazi hiyo hiyo mbele ya nyumba.

3. Hatua za kufuata

Hatua ya 1: Tembeeni wakati mvua inanyesha. Wote wa avenyu, wa juu na wa chini, wafuate maji kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho. Yule wa juu aione nyumba ya wa chini ikiingiliwa. Matembezi haya hufundisha kuliko hotuba.

Hatua ya 2: Pimeni udongo. Chimbeni shimo la sentimita 30 kwenda chini, mjaze maji, mwache yakauke, kisha mjaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa 24, mahali panafaa. Angalieni hasa palipokuwa na kichuguu. Udongo wake mfinyanzi ni mzuri kwa matofali, lakini haunywi maji vizuri.

Hatua ya 3: Chagueni mahali. Pawe mita 3 au zaidi kutoka ukuta, na mbali zaidi ikiwa nyumba ni ya matofali mabichi. Pawe mbali na choo na kisima. Kando ya barabara, ulizeni kwanza mabomba ya REGIDESO yanapita wapi.

Hatua ya 4: Chimbeni. Shimo la mita za mraba 10 lenye kina cha sentimita 20 hubeba lita 2,000, karibu maji yote ya lile paa letu. Chini pawe sawasawa. Udongo uliotolewa uwekwe upande wa bonde kama tuta. Acheni mlango wa maji yanayozidi, uelekee kwenye mfereji wa barabara, kamwe si kwa jirani.

Hatua ya 5: Pandeni. Mimea ivumilie maji mengi na pia ukame wa Mei hadi Septemba. Vetiva ni nzuri kwa sababu mizizi yake huenda chini sana na kushika udongo. Mchaichai hupandwa pembeni, palipo pakavu zaidi.

4. Tahadhari

Mbu: Maji yasikae zaidi ya siku mbili. Mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi kukua majini, kwa hiyo bustani iliyochimbwa vizuri haiwazalishi. Ikikaa na maji siku nyingi, ifukuliwe au ifukiwe.

Mboga: Msipande lengalenga wala matembele ndani yake. Maji ya barabara hubeba mafuta na uchafu. Zaidi ya hayo, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi Lubumbashi mwaka 1911, na udongo wa mitaa iliyo upande uliokuwa ukipeperushiwa moshi wake una shaba, risasi na kadmiamu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba wakazi wa maeneo ya migodi na viwanda ya Katanga wana madini haya mwilini kwa wingi.

Makorongo: Msichimbe karibu na ukingo wa korongo au kwenye mteremko mkali. Udongo uliolowa unaweza kuporomoka.

Serikali: Bustani haichukui nafasi ya mifereji mikubwa. Endeleeni kuidai kwa utaratibu, kupitia kwa shefu wa kartie na komini.

5. Nani aanze?

Hapa ndipo penye somo la amani. Aliye chini ndiye anayeteseka, kwa hiyo ndiye anayechimba kwanza. Lakini bustani yake peke yake itafurika, kwa maana inapokea mapipa ya watu 20. Kazi lazima ianzie juu, kwa yule ambaye nyumba yake haijawahi kulowa. Kumwomba ajitaabishe kwa ajili ya mwingine si jambo rahisi. Tunapendekeza ombi lisiletwe na jirani aliyeumia peke yake, bali na mzee au mama anayeheshimiwa na pande zote. Na siku ya kuchimba, wa chini wapande juu kusaidia. Salongo ya Jumamosi inafaa sana kwa kazi hii.

Andikeni mapatano mafupi: nani anachimba wapi, nani ataondoa taka na mchanga kila Septemba kabla ya mvua, na mpangaji akihama nani atashika zamu yake. Mwenye nyumba naye akubali, la sivyo kazi ya mpangaji yaweza kufukiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika avenyu yetu maji yanaanzia wapi, na yanaishia kwa nani?
2. Je, kuna majirani wasiosalimiana kwa sababu ya maji? Nani anaweza kwenda kwao wote wawili?
3. Tunapomlaumu jirani, je, tunataja alichofanya, au tunataja kabila lake?
4. Mapipa yetu 12 tunayapeleka wapi?

Kwa kumaliza, kila mshiriki arudi nyumbani apime paa lake kwa hatua za miguu na ahesabu mapipa yake. Mkutano ujao kila mmoja ataje hesabu yake kwanza, kabla ya kutaja ya jirani.