SOMO LA ROBO HII: TANGI KUBWA LA MAFUTA KWENYE PIKAPU YA PAROKIA



Miongoni mwa maombi yanayotufikia kutoka parokia za Handeni na Korogwe lipo hili: kuwekewa pikapu tangi kubwa zaidi la mafuta. Sababu zake zinaeleweka. Vituo vingi vya mafuta viko mijini na kando ya barabara kuu, vijiji viko mbali, na wakati wa masika safari ya siku moja hugeuka kuwa ya siku mbili. Tunaandika somo hili ili kamati zilijadili ombi hilo kabla ya kulileta, na wafadhili waelewe wanachoombwa kulipia.

Lengo la somo: kamati iweze kuamua kwa hesabu kama tangi kubwa linahitajika, na kama linahitajika, lifungwe kwa usalama.

1. Tangi haliongezi mafuta

Gari linalotumia lita 15 kwa kilomita 100 litaendelea kutumia lita 15, au zaidi kidogo kwa sababu ya uzito ulioongezeka. Linaloongezeka ni umbali kati ya kujaza mara moja na nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati liwe: ni safari ipi tunayoshindwa kuifanya kwa tangi tulilo nalo?

2. Tupige hesabu

Tuchukue pikapu ya dizeli yenye tangi la lita 80. Tuache lita 15 za akiba, zibaki lita 65 za safari. Kwenye lami, ikiwa gari linatumia lita 12 kwa kilomita 100, kwenda Handeni kutoka Korogwe (kilomita 65 hivi) na kurudi ni karibu lita 16. Lita 65 zinatosha kwenda na kurudi mara nne. Kwa njia hiyo tangi kubwa halina kazi.

Sasa tuchukue ziara ya siku tatu katika njia za vijijini, tuseme kilomita 450, kwa lita 15 kila kilomita 100. Zinahitajika lita 67 na nusu, na bado hatujahesabu kukwama kwenye tope. Hapo lita 65 hazitoshi, na kama njiani hakuna kituo cha uhakika, ombi lina msingi. Kamati itumie namba za gari lake lenyewe, siyo hizi za mfano.

3. Uzito na fedha

Lita moja ya dizeli ina uzito wa karibu kilo 0.84. Lita 60 za ziada ni kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji, bila kuhesabu tangi lenyewe. Uzito huo unatolewa katika mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba: mbegu, dawa, madumu ya maji au abiria.

Tukumbuke pia kwamba mafuta yaliyo kwenye tangi ni fedha iliyolala. Kwa mfano, lita ikiwa shilingi 3,000, lita 60 ni shilingi 180,000 zilizoegeshwa nje usiku, na wanyonyaji wa mafuta wanalijua hilo. Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi. Mtunza fedha aifuate kabla ya kupanga bajeti.

4. Dumu nyuma ya gari

Hii ndiyo sababu yenye uzito kuliko zote. Pale mafuta yasipotosha, dereva hubeba dumu la plastiki nyuma, pamoja na watu na mizigo, na pengine mgonjwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kutuama, ukisubiri cheche. Dizeli haiwaki upesi kama petroli, lakini ikimwagika ikapata moto huwaka vilevile. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka wakati wananchi wakichota mafuta. Ikiwa tangi kubwa litaondoa dumu katika gari la parokia, gharama yake ina maana. Ikiwa dumu litaendelea kubebwa, tutakuwa tumelipa bure.

5. Kazi ya fundi

- Tangi litengenezwe au linunuliwe kwa ajili ya aina hiyo ya gari, lifungwe kwenye chasisi, mbali na bomba la moshi.
- Liwe na kuta za ndani za kuzuia mafuta yasiyumbe, bomba la kupumulia, na nati ya chini ya kutolea maji na uchafu.
- Chuma kilichopakwa zinki kisitumike kwa dizeli, kwani zinki huathiri mafuta.
- Tangi la zamani lisichomelewe kienyeji. Hata likiwa tupu, mvuke uliobaki unaweza kulipuka na kumuua fundi.
- Geji ipimwe upya, na mfuniko uwe na kufuli.
- Kabla ya kazi kuanza, kamati iulize polisi wa usalama barabarani na kampuni ya bima, na majibu yawekwe kwa maandishi.

6. Daftari kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunashauri kila ombi liambatane na kitabu cha safari cha miezi mitatu: tarehe, alikokwenda, kilomita za kuondoka na kurudi, lita na risiti. Mara nyingi kitabu hicho huonyesha kwamba safari mbili zingeweza kuunganishwa kuwa moja. Kikionyesha vinginevyo, mfadhili atakuwa na sababu ya kuamini.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Safari yetu ndefu kuliko zote ni kilomita ngapi, na tunaifanya mara ngapi kwa mwaka?
2. Gari letu linatumia lita ngapi kwa kilomita 100? Tumepima au tunakisia?
3. Je, dumu hubebwa garini? Nani hukaa karibu nalo?
4. Nani atashika ufunguo wa tangi, na nani atakagua kitabu?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kuambatanishwa na ombi.