CHAKULA BORA SI CHAKULA CHA BEI KUBWA

Mwaka 1975 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, kisha wakajadiliana. Kujadiliana kuna faida, maana neno moja watu huweza kulisikia namna mbili. Leo tutazame maneno manne tunayoyasikia hapa Unguja.

1. Chakula bora. Wengi wetu tukisikia "bora" tunafikiria pilau, nyama, au kitu cha dukani. Basi mtu anauza mayai na dagaa wake, halafu anawanunulia watoto biskuti na soda. Hapo fedha imekwenda na afya imekwenda. Chakula bora ni mchanganyiko: muhogo au wali wa kutia nguvu, dagaa, mayai au choroko za kujenga mwili, mchicha, matembele na papai za kulinda mwili. Vingi vyake viko shambani na pwani kwetu.

2. Kujenga mwili. Si kunenepa. Maana yake ni mtoto akue na kidonda kipone. Mtoto anaweza kuwa mnene na bado akawa na upungufu wa damu.

3. Punguza chumvi. Mzee mwenye shinikizo la damu anaacha kunyunyiza chumvi mezani, lakini kila siku anakula samaki mkavu wa chumvi. Kumbe chumvi imo ndani ya samaki! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Sisi tukisema mzee "amekula chumvi nyingi" tunamheshimu. Daktari akisema hivyo, anaonya.

4. Punguza mafuta. Mtu anaacha maandazi, lakini mchuzi wake ni tui zito tupu. Tui nalo lina mafuta. Hatusemi nazi iachwe. Tutie kwa kiasi.

Basi, ukipewa ushauri usiitikie "ndiyo" tu. Uliza: "Nipike nini? Kiasi gani?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

MASWALI
1. Jana nyumbani mlikula nini? Kipi kilikosekana?
2. Jirani akisema "chakula bora ni cha matajiri", utamjibu nini?