Mdogo wangu, usiufiche mkojo unaovuja

Mdogo wangu, sogea karibu, maana najua unalolizungusha. Ukicheka, mkojo unatoka. Ukipiga chafya kanisani, unabana mapaja na kuomba jirani asisikie harufu. Na mwenzako anakaa chooni nusu saa, anatoka bila kitu, anasema ni chakula tu. Hakuna kati yenu aliyelaaniwa. Mtu aliyezaa watoto watatu na kubeba mitungi ya lita 20 kutoka mtoni tangu usichana, nyama za nyonga zimechoka. Ila ukumbuke, mficha uchi hazai.

Sasa unataka kupanda matatu uende Nairobi kwa Wachina wakudunge sindano za akupancha, na unauliza kama nakukataza. Sikukatazi. Huko China madaktari waliwapima wanawake 504 waliovuja mkojo wakikohoa au wakiinua mzigo. Baadhi waliwadunga sehemu ya chini ya mgongo na kupitisha umeme kidogo kwenye sindano, mara 18 kwa wiki 6. Wengine wakapewa sindano za kuigiza, zisizotoboa ngozi. Matokeo yalitoka 2017: waliodungwa kweli walipungukiwa na kuvuja kuliko wenzao. Katika utafiti mwingine, wenye choo kigumu cha miaka walifanyiwa mara 28 kwa wiki 8, na baadhi yao wakapata nafuu. Baadhi, nasema. Kwa hiyo hesabu mfuko wako kabla hujaanza, maana safari moja haitatosha.

Sindano hazinitishi sana. Kinachonikosesha usingizi ni unga wa mitishamba ambao huenda wakakupa, uliofungiwa kwenye karatasi bila jina. Miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake walipewa mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene. Ndani yake mlikuwa na mmea uitwao aristolochia. Zaidi ya mia moja waliharibikiwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Unaona? Unatafuta dawa ya kibofu, unaondoka na ugonjwa wa figo! Dawa isiyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu usiitie mdomoni, hata aliyekupa awe na tabasamu tamu namna gani.

Na wewe unayetiririka mchana na usiku tangu ule uzazi uliokaa siku mbili, hilo ni tundu, ni fistula. Hakuna sindano ya kuliziba. Linashonwa na daktari wa upasuaji, kama wale wa hospitali ya Kenyatta au ya Gynocare kule Eldoret. Usipoteze hata shilingi kwingine.

Tena acha kujinyima maji kwa kuogopa kuvuja, nawajua! Mkojo unakuwa mkali, kibofu kinawashwa zaidi, na choo kinakauka. Mahindi ya muthokoi yamekobolewa maganda, kwa hiyo usiyale bila nzuu, yaani mbaazi, za kutosha, na papai lisikosekane. Kisha jifunze kubana kule chini kana kwamba unazuia hewa, uachilie, urudie kila siku kwa miezi mitatu.

Kabla ya Nairobi, pitia hospitali ya Level 5 hapa Machakos wapime mkojo na sukari. Ukiona damu kwenye choo, sema, usimwogope daktari kijana. Ukifika kwa Mchina, mwambie kama una mimba au unameza dawa za kuzuia damu kuganda, na sindano ifunguliwe kwenye pakiti mpya ukiwa unatazama. Akikataa, inuka uende zako.