Kukodi Seva kwa Kazi Ndogo: Tuanze na Hesabu

Mnamo mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1951 mradi huo uliachwa. Miongoni mwa mambo yaliyouangusha ni mvua haba isiyotabirika, ambayo wapangaji hawakuwa na takwimu zake za kutosha. Leo shule yaweza kuunda kifaa kidogo cha kupimia mvua na kupeleka vipimo kwa mtandao wa simu. Je, vipimo hivyo vihifadhiwe wapi, na kwa gharama gani?

Njia moja ni kukodi seva ya wingu, yaani sehemu ya kompyuta kubwa iliyomo katika kituo cha data, ifanyayo kazi usiku na mchana. (Jina hilo lina kinaya kwa mkazi wa Dodoma, aliyezoea kutazama mawingu yakipita bila kunyesha.) Wanunuzi wengi hutazama orodha ya bei kabla ya kupima kazi yenyewe.

Basi na tupime. Tuchukue shule kumi za Bahi, Kongwa na Mpwapwa, kila moja ikipeleka kipimo kimoja kila saa. Kwa mwaka tunapata 10 × 24 × 365, yaani vipimo 87,600. Tukikadiria baiti 100 kwa kipimo pamoja na tarehe na jina la shule, jumla ni baiti 8,760,000, ambazo hazifiki megabaiti 9. Hata tukiondoa nafasi ya mfumo endeshi, diski ya gigabaiti 10 ingetosha kwa mamia ya miaka. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 1 nayo yatosha, maadamu tunatumia Linux isiyo na madirisha na picha. Kwa hiyo seva ya daraja la chini kabisa ndiyo itufaayo.

Lakini bei ya seva siyo gharama yote. Makampuni mengine hutoza kiasi maalumu kwa mwezi, mengine hutoza kwa saa. Aghalabu seva iliyozimwa huendelea kutozwa, kwa kuwa diski yake bado imeshikiliwa. Ni kuifuta tu kunakokomesha deni. Anwani nayo ina bei: tangu Februari 2024 Amazon hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4. Kwa siku 30 hiyo ni dola 3.60, kiasi kinachokaribiana na kodi ya seva ndogo nzima kwingineko.

Umbali je? Mwanga husafiri katika nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa njia ya kwenda Ulaya ni kilomita 10,000, kwenda na kurudi huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mvua haina haraka kiasi hicho. Jambo zito zaidi ni kukatika kwa njia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Hivyo kifaa hapana budi kiandike kila kipimo katika kadi yake kwanza, kisha kikipeleke tena na tena hadi seva ikiri kukipokea.

Hatari kubwa kuliko zote haimo katika mitambo. Mwalimu aliyefungua akaunti kwa kadi yake ya benki huhamishwa, malipo hukoma, baada ya muda kampuni hufuta seva pamoja na vipimo vyote. Mvua ya Januari iliyopita haipimiki tena. Akaunti na ifunguliwe kwa barua pepe ya shule, na kila Ijumaa nakala ishushwe kwenye kompyuta ya maabara. Megabaiti 9 kwa mwaka mzima si mzigo.

Zoezi: Kila shule kati ya zile kumi ikiongeza picha moja ya anga ya kilobaiti 500 kila saa, gigabaiti 8 zitajaa baada ya siku ngapi? Na nakala ya Ijumaa itakuwa na ukubwa gani?