Juu ya Kupanda Dungusi Penye Ukame

Katika nchi ya Chunya mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili; miezi iliyobaki ardhi ni kavu. Huko Makongolosi, penye wachimba dhahabu wengi, maji ya kiangazi ni mzigo wa akina mama. Mwenye kupenda maua afanyeje? Na apande mmea usiomnyang'anya mtu maji yake ya kunywa, yaani dungusi la mviringo, ambalo wengine huliita kakati.

Asili yake si huku. Karibu madungusi yote yatoka bara la Amerika. Ni aina moja tu iliyoota yenyewe katika misitu ya Afrika, nayo huning'inia juu ya miti. Lile la miiba ya rangi ya dhahabu latoka Meksiko. Umbo lake ni kama pipa, lenye mikunjo toka juu hata chini. Mikunjo hiyo si pambo tu. Mvua ikinyesha hutanuka kama mivukuto ya mhunzi, na wakati wa ukame hujikunja tena. Matundu yake ya kupumulia hufunguka usiku na kufungwa mchana, ili jua lisinyonye maji yake.

Basi adui wa dungusi si ukame, bali ni maji yatuamayo penye mizizi. Huoza toka chini, na mwenyewe hana habari mpaka lianguke. Kwa hiyo fanyeni tuta la mawe na mchanga, au tumieni kopo lililotobolewa chini. Udongo uwe nusu yake mchanga mnene. Na hapa nawaonya sana ndugu wa Makongolosi: msichukue mchanga wa marudio, hata ukiwa karibu na mlango. Mchanga ule umekwisha kupita katika zebaki ya kukamatia dhahabu, na zebaki ni sumu. Huwadhuru watoto wachezao uani kidogo kidogo, hasa ubongo wao. Tafuteni mchanga wa korongo lisilooshewa dhahabu, ijapokuwa ni mbali.

Wakati wa mvua msiliongezee maji. Juni na Julai, kwenye baridi, liacheni kavu kabisa, maana pumziko hilo husaidia kuleta maua. Joto likirudi, lipeni maji kidogo, hata yale yaliyooshea mboga, kisha ngojeni udongo ukauke. Mkilihamisha, tieni alama upande ulioelekea jua, mkaupande vilevile, la sivyo ule mwororo utaungua. Lishikeni kwa gunia lililokunjwa.

Maua yake ni ya manjano, nayo hutoka kileleni katikati ya sufu. Lakini yataka saburi: lililooteshwa kwa mbegu laweza kukaa miaka 15 na zaidi bila ua hata moja. Asiyeweza kungoja apande aina ndogo, zichanuazo baada ya miaka michache. Nyingine hufumbua ua usiku, na kesho yake mchana limekwisha kunyauka. Yafaa kuwaita jirani waje na taa kulitazama.

Tena msilichanganye na mnyaa na jamaa zake. Hao wakikatwa hutoa maziwa meupe, nayo yakiingia machoni huumiza vibaya, hata yaweza kupofusha. Mpungate nao ni dungusi kweli, walakini si wa kupandwa. Kipande kikianguka huota. Katika Kenya, huko Laikipia, umetwaa malisho mengi, na vijiiba vya matunda yake huumiza vinywa na matumbo ya mifugo. Mwaka 2014 wadudu waliletwa huko ili waule. Chunya nasi tuna wafugaji wengi. Mtu akikupa kipande kwa ajili ya uzuri wake, usikipokee. Na uliokwisha kuota, ung'oe pamoja na mizizi, uuanike juu ya mwamba mpaka ukauke, ndipo uuchome moto.