Utomvu Unaolinda Mahekalu ya Japani

Nchi ya Japani ina mahekalu mengi ya kale yaliyojengwa kwa mbao. Sote tunajua adui wa mbao: mvua, ukungu na wadudu. Basi yamesimamaje miaka mamia? Leo tujifunze jambo moja linaloyasaidia, yaani utomvu wa mti uitwao urushi.

Mti huu ni wa ukoo mmoja na mkorosho. Kama yalivyo mafuta ya ganda la korosho, utomvu wake mbichi huwasha na kubabua ngozi. Hautaki haraka. Mti hungojewa miaka 10 hadi 15. Kisha, tangu Juni hadi Oktoba, mgemaji huchanja gome kidogo kidogo na kukwangua matone. Msimu mzima mti mmoja hutoa gramu 200 hivi, kama kikombe cha chai tu! Halafu hukatwa. Kisiki huchipua, na kungoja kunaanza tena.

Fundi huchuja utomvu, huutia rangi, kisha hupaka mkono wa kwanza. Kumbe hauanikwi juani! Hukauka vizuri penye hewa yenye unyevu. Ukikauka, fundi husugua na kupaka tena, mara nyingi. Mwisho maji hayapenyi. Lakini jua huuchakaza, kwa hiyo kazi hii hurudiwa kila baada ya miaka.

Tazama hekalu la Toshogu, mjini Nikko, lililojengwa upya mwaka 1636. Lango lake, Yomeimon, limejaa nakshi za wanyama na watu. Lilitengenezwa tena, na kazi ikaisha mwaka 2017. Dhahabu yake nyembamba mno ilibandikwa juu ya utomvu huo huo.

Sasa shida iko wapi? Utomvu wa bei nafuu uliingia kutoka China, na wagemaji wa Japani wakapungua. Mwaka 2015 serikali iliagiza majengo yake muhimu ya kale yatengenezwe kwa utomvu wa nchini. Agizo ni jema, lakini haliotoi mti. Lazima awepo aliyepanda miaka 15 nyuma, na mzee aliyemfundisha kijana kuchanja. Ndiyo maana huko Joboji, mkoa wa Iwate, watu wanapanda miti na kufundisha vijana. Ufundi bila mti haufai, na mti bila fundi ni kuni tu.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini mti wa urushi hupandwa mapema sana?
2. Utomvu huu hukaukia wapi?
3. Ni ufundi gani kijijini kwetu unaokosa wanafunzi? Tufanye nini?