DARASA: Kupatana na Wadai ni Bora Kuliko Kufilisiwa

 

Tumeulizwa na ndugu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Kiandutu, mjini Thika, kwa kazi ya duka: Mtu aliyezidiwa na madeni, huku adaiwa na mwenye nyumba, huku na wauzaji wa jumla, huku na mikopo ya simu, yajuzu aende mahakamani akatangazwe muflis ili apumzike? Swali hili si lake peke yake. Mombasa, Malindi na Lamu wako wengi wenye dhiki iyo hiyo.

Kwanza yafaa ijulikane sheria ya nchi yasemaje. Kwa Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, mtu hutangazwa muflis na Mahakama Kuu. Mali yake hushikwa na msimamizi, ikagawanywa kwa wadai. Na kwa kawaida baada ya miaka mitatu huachiliwa, na madeni yaliyosalia hayadaiwi tena mahakamani. Lakini sheria iyo hiyo imefungua mlango mwingine: mdaiwa awapelekee wadai shauri la kulipa kwa mafungu, au kwa kiasi watakachoridhia, chini ya msimamizi mwenye idhini. Wala mtu asingoje kuhukumiwa na Kadhi katika jambo hili, kwani kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa Kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Madeni ya biashara hayamo.

Ama katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hakimu aweza kumzuilia muflis mali yake kwa ombi la wadai, akaiuza na kuwagawanyia. Lakini kilichobaki bila kulipwa hubaki katika dhima yake mpaka alipe au asamehewe. Hii ndiyo tofauti kubwa. Mahakama yaweza kumfungia mdai mlango wa kudai hapa duniani. Haiwezi kumsamehe mdaiwa haki ya mtu mbele ya Mwenyezi Mungu. Haki hiyo husamehewa na mwenyewe tu. Basi anayetaka raha ya kweli na atafute radhi ya wadai wake, nayo haipatikani ila kwa sulhu.

Na sulhu ya deni ina asili katika Sunna. Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad msikitini, sauti zikapanda mpaka Mtume (s.a.w.) akazisikia nyumbani mwake. Akafunua pazia, akamwashiria Kaab aondoe nusu. Kaab akaridhia. Hapo Mtume akamwamrisha mdaiwa ainuke alipe. Tazama, ndugu msomaji: mdai alipunguza, na mdaiwa hakupewa nafasi ya kuchelewesha kile kilichobaki. Kila mmoja alibeba sehemu yake.

Namna ya kuifanya ni hii. Kwanza, mdaiwa aandike madeni yote na mali yote, asifiche hata kimoja; kuficha mali ni hiana, na msamaha uliopatikana kwa uongo hauna faida. Pili, awakusanye wadai mbele ya wazee waaminifu, wala asimpendelee rafiki au jamaa. Ikiwa wadai watatu wamdai shilingi 30,000, 20,000 na 10,000, naye ana 30,000 tu, haki ni kila mmoja apate nusu ya deni lake: 15,000, 10,000 na 5,000. Tatu, iandikwe kwamba kilichobaki kimesamehewa, au kimepewa muhula hadi tarehe fulani, na mashahidi watie sahihi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yatufunza kuandika. Nne, wasikubaliane kuongeza deni kwa ajili ya muhula; hiyo ndiyo riba yenyewe. Mkopo wa simu wenye nyongeza, na aombe aondolewe nyongeza, alipe rasilmali.

Nanyi wadai, aya ya 280 ya sura iyo hiyo imewaamrisha kumngojea mwenye dhiki, na kumsamehe ni kheri zaidi. Lakini asidhani mdai kuwa kusamehe deni kwamtosha kuwa zaka yake; kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu, haitoshi. Wenye zaka wamtazame mdaiwa, kwani wenye madeni ni mojawapo ya mafungu manane ya wanaostahiki.

Ama mwenye uwezo anayewapiga wadai chenga, akabadilisha namba ya simu na kuhama mtaa usiku, huyo hana sehemu katika huruma hii. Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wa tajiri kuwa ni dhuluma. Na wengine deni lao halikutoka katika njaa wala maradhi, bali katika harusi ya siku tatu na karamu za matanga, ili watu wasiseme. Watu wamekula wakaenda zao. Deni limebaki kwa mwenye nyumba. Ada hizi tuziache kabla hazijatufilisi.

Jibu letu kwa ndugu wa Kiandutu ni hili: mahakama iwe mlango wa mwisho. Anza kwa wadai wako, leo, kabla hawajakutafuta. Na ukilazimika kufilisiwa, basi siku Mwenyezi Mungu atakapokukunjulia, warudie uliobakiza haki zao, ijapokuwa hakuna hakimu wa kukulazimisha.

Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu, na atukutanishe Naye hali hatudaiwi na mja yeyote. Amin.